Bunduki ya Kuingia Kiganjani

Sisi tuliokulia Meru kabla ya simu kujaa kila mfuko, bunduki zetu zilikuwa za mgomba. Ulikata kikonyo cha jani, ukachanja vipande juu yake, ukavipitishia mkono vikalia pra-pra-pra. Jioni tulirudi na madoa ya utomvu kwenye mashati, tukachapwa, tukala githeri, tukalala.

Nyanya hakuupenda mchezo huo. Mume wake alikuwa kibarua Timau, kwenye shamba la ngano la mzungu aliyebaki baada ya uhuru. Siku moja alirudishwa nyumbani maiti, amefungwa kwa blanketi. Mzungu alisema ameanguka kutoka kwa trekta. Nyanya, aliyekuwa akipika huko, alisema alimwona mzungu akitoa bunduki ndogo mfukoni mwa koti na kumpiga risasi. Wakati huo watu wetu waliogopa kugusa maiti, kwa hiyo hakuna aliyefungua blanketi. Shemeji yake, Mzee M'Ikiara, alimcheka mbele ya wazee wa ukoo.

"Bunduki gani inaingia kiganjani, mama Karimi? Tuambie ulimtilia nini kwa uji."

Wakamnyima shamba la mume wake. Alitulea kwenye chumba cha kukodi karibu na soko la Gakoromone, akiuza viazi.

Nikiwa darasa la tano, mwalimu alitupeleka makumbusho. Nyuma ya kioo niliona bastola inayotoshana na kiatu cha mtoto mchanga. Nilipomwambia nyanya, hakula jioni hiyo. Asubuhi alifunga kitambaa safi kichwani, akaenda kumleta Mzee M'Ikiara, nami nikawapeleka makumbusho nikawaonyesha.

Mzee aliinama, akavua kofia. Alikaa hivyo mpaka mlinzi akamuuliza kama anaumwa.

"Sasa umeiona?" nyanya akasema.

"Nimeona bunduki, mama Karimi. Sijaona ikimpiga mtu."

Akavaa kofia, akatoka. Nyanya alichukua leso akapangusa kioo pale pumzi ya mzee ilipoacha ukungu.

Siku hizi watoto wa dada yangu hawawezi kuchanja kikonyo cha mgomba, lakini bunduki zote za michezo ya simu wanazijua kwa majina. Juzi niliwasimulia ile ya kuingia kiganjani. Hakuna aliyecheka. Walimwamini nyanya kabla sijamaliza kueleza, na yeye tulishamzika kwenye makaburi ya mji, mbali na mume wake.