Nyumba Aliyoihama kwa Ajili ya Mumewe

Juzi nilipanga foleni katika ofisi ya ushuru hapa Garissa, nyuma ya mama mmoja wa makamo. Alikuwa anauza nyumba yake, na karani alikuwa amemwambia kwamba lazima alipe kodi ya faida.

"Mwanangu, hiyo ni nyumba yangu ya kukaa," alisema. "Watoto wote nimezaa hapo."

"Najua, mama. Ungekuwa unakaa humo, usingelipa. Lakini umeweka wapangaji."

"Mzee aliugua figo. Nikampeleka Nairobi asafishwe damu. Pesa ya wapangaji ndiyo iliyolipa chumba kule."

"Pole sana. Lakini sheria inataka uwe umekaa humo miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza."

Mama alishika ukingo wa kaunta kwa mikono yote miwili.

"Miaka hiyo mimi nimelala chini, kando ya kitanda chake, mpaka Mungu akamchukua. Wallahi, hiyo faida nimepata wapi?"

Karani aliingiza kiasi cha kodi kwenye kompyuta yake. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Utalipa kwa simu au benki?"

"Benki," alisema mama, akavuta mtandio usoni na kutoka bila kuaga.

Simlaumu karani, sheria hakuitunga yeye. Lakini hebu tuiseme kama ilivyo: mama huyu angebaki Garissa na kumwacha mumewe afe peke yake Nairobi, leo angeuza nyumba yake bila kudaiwa hata shilingi.