Bao Kabla ya Ugali

Harufu ya mlenda unaochemka hunirudisha uani kwetu Mvumi, enzi za Mjerumani, penye mashimo ya bao yaliyochimbwa ardhini karibu na mafiga. Baba yangu alikuwa bingwa. Wanaume walitoka hata Kongwa kuja kupigwa naye, wakarudi kwao wakimsifu. Kisha akachukuliwa kubeba mizigo ya Wajerumani. Alirudi mvua zilipoanza, mifupa mitupu, mabega yamechunika, na bao limemtoka. Alishika kete akazikodolea macho mpaka wenzake wakaguna, wakaacha kumwita. Akawa anashinda ukutani mwa nyumba yetu ya tembe. Jamani, niliogopa! Mwili ulikuwa umerudi, lakini mimi nilimtaka baba yangu.

Kwetu msichana hakucheza bao. Kazi yake kinu na mchi. Mama ndiye aliyesema, "Cheza na baba yako. Lakini upesi! Bao liishe kabla sijasonga ugali." Basi maji yakiwekwa motoni, tunaanza. Hakuna kuwaza; ukisita, mwenzio anacheza. Mwanzoni nilimshinda kila mara, na ushindi ule uliniuma kuliko kipigo. Ila haraka ile haikumpa nafasi ya kuzama mawazoni. Akikosea, bao jipya linaanza papo hapo, na kosa lililopita linasahaulika. Haba na haba hujaza kibaba. Vidole vikaanza kukumbuka. Mama naye alichochea moto kidogo kidogo, makusudi, ili maji yachelewe kuchemka.

Siku moja, wakati wa kuvuna uwele, Baba alinyakua kete, akazungusha, akala, akazungusha tena. Upande wangu ukabaki mtupu. Hakunihurumia hata chembe. "Ee binti, utalia?" akacheka. Nililia kweli, kwa furaha, na Mama akauacha mwiko chunguni. Kesho yake Baba alikwenda mwenyewe kuwatafuta wenzake.

Leo naishi Makole, na wajukuu wana bao zuri la mbao. Wananiachia nishinde, ati heshima. Heshima gani hiyo? Wanaiona mikono yangu inatetemeka, wanasema, "Bibi, polepole tu." Nawajibu, "Chezeni upesi, na mnipige!" Juzi mdogo wao wa kike alinimaliza kabla chai haijachemka. Nilimkumbatia kwa nguvu, machozi yakinitoka, hata mama yake akaja mbio akidhani nimeumia.