Mwalimu Aliyeitika Peke Yake

Pale Kibabi, kwenye shule ya misioni, ukitaka kumsifu mwalimu Straton, ulisema hivi: katika darasa lake hata inzi huomba ruhusa kabla ya kuruka. Naye sifa hiyo hakuichoka. Alikuwa kijana mrefu, mkavu, mtoto wa wakulima wa kilimani, wa kwanza katika ukoo wao kuvaa viatu siku zisizo za Jumapili. Padri mkubwa wa misioni akipata wageni, aliwapitisha kwanza kwa Straton, wasimame mlangoni wasikie jinsi darasa zima la watoto linavyoweza kunyamaza. Wageni walitikisa vichwa, wakaenda zao wakisifu.

Fimbo alikuwa nayo, usidhani hakuwa nayo, ila aliitumia mara chache. Aliinua kidole tu, na vinywa vyote vikafungwa. Yeye aliamini kwamba elimu huingia kwa sikio, na mdomo wa mtoto ndio tundu inapotorokea. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyofundisha.

Basi, mwaka wa hamsini na mbili, vakansi kubwa, likizo za shule, zikikaribia, akafika misioni Mbelgiji mmoja kijana, jina lake Hubert. Chuo kikuu cha kwao kilikuwa kimemtuma achunguze lugha na hadithi za watu wa msitu, kule Walikale. Alikuwa amesikia habari za mtegaji mmoja mzee, Shemusa, anayebeba kichwani hadithi ndefu isiyo na mwisho wa karibu, na kwamba wanafunzi wake wanajua vipande tu, kila mmoja chake. Hadithi nzima alikuwa nayo mzee peke yake. Bwana Hubert alitaka mtu wa kumsaidia, mwenye Kifaransa kinywani na lugha za huku masikioni. Mama yake Straton alikuwa Muhunde, na Kihunde na Kinyanga, lugha ya watu wa Walikale, ni ndugu wa tumbo moja. Padri akamtoa Straton kama mtu anavyoazima jembe lake zuri.

Straton alikubali, lakini moyoni alicheka. Utafiti wa nini? Wa hadithi za kulazia watoto? Fasihi kwake ilikuwa ile iliyochapwa Ulaya, yenye jalada gumu. Aliwahurumia wazungu kidogo, kwamba wamemaliza mambo ya maana yote na sasa wanachokora majivu ya jikoni.

Walipanda kamyo, lori la mizigo, wakapita Masisi, wakateremka. Mtu wa Kibabi amezoea kuona mbali: ng'ambo ya bonde anaona shamba la jirani, na moshi wa shemeji yake nyuma ya shamba. Msituni Straton hakuona kitu. Miti ilisimama tu, mikubwa, mbingu imebaki viraka viraka juu yake, na barabara ilipokwisha wakatembea kwa miguu mahali ambapo maji yalisikika kila upande na hayakuonekana. Kwa mara ya kwanza tangu avae viatu, mwalimu wetu alijiona mdogo. Hakupenda.

Shemusa walimkuta kwake, anasuka kitanzi cha mtego. Mfupi, kifua kipana, mwenye majivuno ya jogoo. Katekista alikuwa amembatiza kwa jina la Albert, na Jumapili alisali kwa sauti kuliko wote, lakini kabla ya kuanza hadithi alimwaga kwanza kasiksi kidogo chini, kwa ajili ya wale waliomtangulia. Straton akaangalia pembeni ile pombe ya ndizi ilipomwagika, ili asije akaulizwa na Padri kama aliona.

Alasiri hiyo watu walijaa barza yote, lile baraza la mbele ya nyumba yake. Mzee alishika kibuyu chenye mbegu ndani, vijana wakagonga mianzi, na hadithi ikaanza. Lakini makelele gani yale! Kila Shemusa alipomaliza neno, watu wote walimjibu kwa lugha yao neno moja ambalo maana yake ni "Tuko." Akisema mtegaji aliamka, wao: tuko. Akisema alichukua kamba, wao: tuko. Mama mmoja alimtania mzee kwamba sauti imezeeka kama suruali yake, mwingine akaimba kipande, watoto wakapiga makofi, mtu akapita na kibuyu cha kasiksi. Bwana Hubert aliandika, akafuta, akaandika tena, akamtazama msaidizi wake kwa macho ya mtu anayezama.

Straton akafanya kazi anayoijua. Alisimama. Akainua kidole. Akasema kwa sauti ile ya Kibabi kwamba kuanzia sasa mtu yeyote asifungue mdomo ila mzee mwenyewe. Watu wakatazamana. Lakini alikuwa mgeni, amevaa viatu, amekuja na mzungu, na nyakati zile mtu aliyekuja na mzungu hakubishiwa. Mianzi ikanyamaza. Watu wakanyamaza. Straton akakaa chini ameridhika.

Shemusa akasema neno moja la hadithi. Kimya. Akasema la pili, akingoja. Kimya. Akawatazama watu wake uso kwa uso, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyetazamwa aliinama. Ndipo alipoweka kibuyu chini, taratibu, akainuka, akaingia nyumbani kwake akafunga mlango. Kina mama walishika vinywa vyao kwa viganja.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mwalimu alikuwa ameiandika methali hiyo ubaoni mara ngapi. Siku ile alikutana nayo. Aliyemweleza ni Colette, binti wa Shemusa, mama mzima mwenye watoto wake, aliyekuwa akimpikia baba yake. Alimkuta Straton anachonga kalamu, akasimama mbele yake akasema polepole:

"Hapa kwetu, muntu mwenye kubeba hadithi, tunamunyamazia siku moja tu. Ni siku iko amelala amekufa, watu wanakaa mbele yake na hakuna mwenye kumujibu. Weye umezika papa yangu, mwalimu. Na yeye iko anapumua."

Straton alitaka ardhi immeze. Alisema hakujua. Colette akasema hilo ameliona, na ndiyo sababu anaongea naye badala ya kummwagia maji ya moto.

Siku iliyofuata mzee hakutoka. Sombe ya Colette, mboga ya majani ya muhogo, ilirudi kama ilivyoingia. Wanafunzi wake walikwenda kumsihi, naye aliwajibu kupitia ukuta kwamba maiti haitegi wanyama wala haisimulii. Hakuwa anatania. Alikuwa amelala ameuelekea ukuta, na mwili ulianza kuiitikia akili yake. Bwana Hubert alitembea uani anakwenda anarudi. Hata yeye alijua kwamba mzee akienda hivyo, hadithi nayo imekwenda nzima, na hakuna kijiji kingine cha kuifuata. Straton aliomba rozari. Halafu akamfuata Colette jikoni, akamwuliza kama kuna dawa.

"Mwenye alimufunga njo atamufungua," Colette alisema. "Hakuna mwingine. Enda ukae ku mulango yake, umujibu."

Straton akauliza atamjibu nini, na mzee hajasema kitu. Colette akageukia chungu chake.

Hapo ndipo ungemhurumia. Mwalimu wa Kibabi, yule wa inzi, alivua viatu akakaa chini kwenye tope mbele ya mlango uliofungwa, akasema: "Tuko." Akangoja. "Tuko." Sauti yake ilitoka kavu, kama ya mtoto aliyeulizwa hesabu asiyoijua. Aliwaza Padri angesema nini akimwona anaita hivi mbele ya nyumba ya mtu, halafu akaacha kuwaza Padri. Watoto walikusanyika wakamcheka mpaka wakachoka kucheka. Mvua ilikuja ikamlowesha, ikaenda. Aliendelea. Alasiri sauti ilikuwa imebaki nusu, na kijiji kizima kilikuwa kimeacha kazi kinamtazama, wala hakuna aliyecheka tena.

Ndipo ikatoka sauti ndani.

"Muko wangapi?"

"Niko mumoja, Papa."

"Sasa muntu mumoja anasema tuko?"

Straton aliweka kando majibu ya shule. Akasema lililokuja: "Niko na wale wote nilinyamazisha."

Halafu kitasa cha mti kikasogea, na Shemusa akatoka, uso umekonda, akakaa juu ya kibao chake. Hakuchukua kibuyu. Alisema kwamba ataianza hadithi tangu mwanzo na kuifikisha mwisho, jambo ambalo hajawahi kufanya maishani, kwa kuwa hadithi ile husimuliwa kwa vipande, kila kimoja na siku yake. Lakini atakayemwitikia ni huyu tu. Akinyamaza hata mara moja, mzee anarudi ndani, na safari hiyo hatatoka. Wengine wote waliambiwa wakae mbali, wasikie tu.

Basi Straton akaitikia. Hakuweza kuandika, Bwana Hubert aliandika mwenyewe, na mwanafunzi mmoja wa mzee aitwaye Floribert akamrudia pembeni, kwa kunong'ona, alichokikosa. Ilikuwa hadithi ya mtegaji aliyeweka kitanzi chake mahali pa juu mno, akanasa mvua. Mvua yenyewe, amenaswa mguu, anamsihi amfungue. Na yule mtu kwa kiburi anamfunga nyumbani kama mbuzi, mpaka mito inakauka na samaki wanakuja mlangoni kwa miguu kudai maji. Halafu inambidi azunguke dunia kuomba msamaha kwa kila kiumbe, kila kimoja kwa lugha yake: kwa ndege kwa kindege, kwa siafu kwa kisiafu, na chini kabisa, kwa wafu, kwa lugha ambayo Shemusa aliisema kwa midomo tu, bila sauti.

Zilipita siku. Walikula pamoja, wakalala, wakaendelea. Sauti ya Straton ilikufa ikafufuka. Mwanzoni aliitikia kwa woga asikosee. Baadaye, hakujua ni wapi, aliitikia kwa sababu hakuweza kutoitikia. Mvua aliposihi pale ndani ya kitanzi, nywele za mwalimu zilisimama, na machozi yakamtoka mbele za watu, na hakuyafuta. Alikuwa amesoma vitabu vyenye jalada gumu. Hakuna kilichowahi kumfanya vile. Alimtazama yule mzee mfupi mwenye suruali kuukuu, akaona kwamba mtu huyu amebeba kitu kikubwa kuliko msitu, amekibeba bila mahali pa kukiweka ila masikioni mwa watu, na kila "tuko" ilikuwa mkono mmoja unaopokea mzigo ule. Aliogopa. Alifurahi pia, na vyote viwili vilimkaa kifuani kwa pamoja.

Mvua alipofunguliwa, hadithi ikafika mwisho, mzee akapangusa jasho. Akamwambia Straton kwa ile sauti yake ya majivuno:

"Ulinizika mbele ya wakati. Siku nitakufa ya kweli, kuja. Weye njo unajua mulango."

Straton alirudi Kibabi. Bwana Hubert alikwenda kwao na maandishi yake, na nasikia yalipendwa sana na wasomi, sawa. Lakini Kibabi watu walisema mwalimu amerogwa msituni. Darasa lake liligeuka soko. Alisimulia, watoto wakamjibu. Aliuliza, wakajibu wote. Akawaomba hadithi za nyanya zao, za Kihunde na za Kinyarwanda, wakagombania kusema. Padri mkubwa aliacha kuwapitisha wageni pale. Alimwita, akamwuliza kama anaumwa. Straton akajibu kwamba hapana, Padri, nilikuwa naumwa zamani. Watoto walifaulu mtihani kama kawaida, basi wakamwacha na makelele yake.

Mwaka wa hamsini na minane, wakati wa kuvuna maharagwe, Floribert alifika Kibabi kwa miguu, miguu imevimba, akasema Shemusa amekufa. Straton hakungoja vakansi. Alimwachia mwenzake darasa, akateremka.

Alipokaribia aliwaona kabla ya kuwasikia, maana hapakuwa na kitu cha kusikia. Watu wamejaa uani, hata wa vijiji vya mbali, wamekaa wote wamelielekea jeneza la gome lililowekwa barzani, kibuyu cha mbegu juu yake. Mtoto hakulia. Hata kuku, sijui walifanywa nini. Straton alikuwa amejivunia kimya miaka mingi, lakini kimya hiki alikuwa hajawahi kukiona: kilikuwa kizito, kinakubana mbavu. Akakaa mwisho wa watu.

Colette akamwona. Alipita katikati ya wote, akamshika mkono, akampeleka mbele, akamkalisha chini karibu na kichwa cha baba yake. Kisha akamnong'oneza sikioni:

"Papa alisema wasimunyamazie sana. Alisema mwalimu anajua namna ya kutoa muntu mu kimya."

Straton alimkumbuka Shemusa mlangoni, uso umekonda, akiuliza muko wangapi. Akavua viatu, akaviweka pembeni. Watu wote walimtazama, na hakuna hadithi iliyokuwa imeanza, na hakuna aliyekuwa amesema neno la kujibiwa.

"Tuko," alisema.

Ilikaa hewani peke yake. Halafu Colette, ambaye maisha yake yote alikuwa jikoni akisikiliza, alinyoosha mkono, akakitwaa kibuyu juu ya jeneza, akakitikisa. Akasema kwamba mtegaji aliamka.

Na uani kote watu wakamjibu.