Meza Iliyoziba Mlango Wangu

Mnaniuliza kila mara kwa nini chumba changu cha mbele kina meza ya useremala mahali pa viti, nami nawadanganya kwamba napenda kufanya kazi kivulini. Haya, leo nasema, ila atakayecheka kabla sijamaliza atoke nje.

Ni miaka ile ya baada ya vita, Maganzo imeanza kujaa watu wa almasi, na maseremala tulikuwa wawili tu, mimi na jirani yangu Masanja. Masanja alikuwa na meza ya kazi ya mninga, nzito, haitikisiki hata apige randa kwa nguvu gani, na miguu yake ameikaza kwa kabari ili aweze kuifungua akitaka kuhama. Watu walikuwa wakipita kwangu wananisalimia huku shingo zimegeukia kwake. Wivu ulinikaba, jamani. Siku mke wangu, Mama Kija, aliposema eti meza ya Masanja inapendeza, ugali ulinishinda (na ulikuwa na samaki).

Basi Mzee Salumu, tajiri aliyekuwa anajenga duka, akatuambia kwamba Ijumaa akitoka msikitini atapita kwetu wote atuone kazini, na atakayemridhisha ndiye atakayetengeneza milango yote ya duka. Milango, sikieni vizuri.

Nikaamua kuunda meza kubwa kuliko ya Masanja, na, hapo ndipo nilipoharibu, nikaiundia ndani, mlango nimeufunga, asije akaniiga. Mbao za mkongo, nene, miguu minene kama ya fahali, na kwa kuwa ya Masanja inafunguka, yangu nikaipaka gundi na kuipigilia hata shetani asingeifungua.

Ijumaa nikawaita vijana wa kikundi cha kulima, wale wanaofanya kazi kwa nyimbo, wavute kutoka nje, mimi nisukume kutoka ndani. Sasa, chumba cha nyuma alikuwemo mama mkwe, amekuja kutoka Mhunze kumwona mjukuu wake, na tangu afike nilikuwa namkwepa kwa heshima kama tulivyolelewa Wasukuma, akitoka yeye mimi naingia, akiingia natoka. Vijana wakaimba, wakavuta, nikasukuma, meza ikaingia mlangoni nusu, ikakwama. Haiendi, hairudi. Na nyumba ina mlango mmoja.

Nikageuka, mama mkwe huyo hapo nyuma yangu, ameshika kibuyu, anataka kupita.

Nilivaa gunia kichwani. Kweli kabisa, gunia la randa na misumeno, nikageukia ukuta, vumbi la mbao likaniingia puani nikawa napiga chafya mbele ya mkwe. Nje nyimbo zilikatika, vikaanza vicheko. Mama mkwe alivumilia, akavumilia, mwisho akawauliza watu wa nje kwa sauti ya upole:

"Wanangu, hapa Maganzo hakuna fundi?"

Wakamwita Masanja. Alikuja bila maneno, akaing'oa fremu taratibu bila kubomoa hata tofali, akairudisha meza ndani, mama mkwe akapita. Mimi nimebaki na gunia langu ukutani, nasikia Mzee Salumu amefika, anasalimia watu, kisha ananiuliza:

"Fundi, mlango huu aliutengeneza nani?"

"Mimi," nikasema kutoka ndani ya gunia.

Akashukuru, akaondoka na Masanja.

Meza sikuwa na moyo wa kuikata, ndiyo hiyo mnayowekea vikombe. Tangu siku ile sishiki msumeno kabla sijapima mlango, na kazi zangu nafanyia nje, aige anayetaka. Wivu je? Nikipita pale dukani husimama nikaiangalia milango ya Masanja, kama imepinda angalau kidogo.

Haujapinda hata mmoja.