Saa ya Nyongeza

Mzee Anaeli aliendesha lori miaka thelathini na mmoja, mpaka macho yalipomkatalia. Siku hizi hushinda kwenye benchi mbele ya duka la mizigo la Sadalla, Mchafukoge, na wafanyabiashara wa Kariakoo humuuliza: mzigo ukitoka leo, Tunduma utafika lini? Bukoba je? Ramani za simu wanazo, lakini ramani haijui lori likiharibika katikati ya mlima Kitonga mnasimama muda gani.

Jumanne moja, saa tano asubuhi, Paskalina, muuza vitenge wa duka la pili, alimjia mbio.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Kaka yangu Aaron anamleta baba hospitali kutoka Songea. Jana wamelala Iringa, leo wameondoka saa kumi na mbili. Saa moja walinipigia wakiwa Ilula. Tangu hapo simu haipatikani! Ramani inasema saa hizi wako Morogoro."

"Kaa kwanza. Wana gari gani?"

"Noah ya zamani."

"Mzee anaumwa nini?"

"Mguu. Hawezi kukaa muda mrefu."

Anaeli akafumba macho. Iringa mpaka Morogoro, kilomita mia tatu na ushee. Kitonga watateremka nyuma ya malori. Mikumi ni mbugani, hapakimbizwi gari. Na mgonjwa lazima ashuke kila baada ya muda, anyooshe mguu. Hesabu yake ikawafikisha Morogoro saa saba.

"Watakuwa Morogoro saa nane," alisema. "Hapo watapata chaji. Kabla ya saa nane usilie."

Paskalina alishusha pumzi, akarudi dukani kwake.

Ile saa moja aliiongeza kwa makusudi. Ndivyo alivyokuwa akimfanyia mkewe, Clotilda, katika kila safari, ili akichelewa woga umkute yeye mwenyewe kabla ya mkewe. Alipoacha kazi alimwambia siri hiyo, na Clotilda akacheka mpaka akakaa chini. "Nilijua tangu Vicky yuko tumboni," alisema. "Ukisema saa kumi, mimi saa tisa nimeshachota maji yako ya kuoga."

Saa saba ikapita. Anaeli aliacha chakula chake kikapoa. Kila simu iliyolia mtaani ilimgeuza shingo. Saa saba na nusu alianza kumwomba Mungu kimoyomoyo, na kwa mbali alimsikia Paskalina akipatana bei na mteja, sauti imetulia.

Saa nane ilipogonga, Paskalina alitoka, akasimama mbele yake. Anaeli akamshika mkono. Wakakaa hivyo, dakika tano, kumi, ishirini.

Simu ikalia.

"Aaron! Mko wapi?"

Walikuwa Morogoro. Simu ilikwisha chaji tangu Ilula. Na Ruaha Mbuyuni baba aligoma kuondoka mpaka amchagulie bintiye vitunguu yeye mwenyewe, kimoja kimoja, huku ameegemea mlango wa gari.

"Saa nzima, dada! Mguu unamuuma, lakini anabinya vitunguu!"

Paskalina alicheka na kulia kwa pamoja. Kisha akawaeleza ni nani aliyekaa naye, akampa Anaeli simu.

"Wewe ndiye uliyekaa na mwanangu?" sauti ya mzee iliuliza.

"Ndiyo, kaka."

"Asante sana. Kutoka hapa hadi huko ni mwendo wa saa ngapi?"

Anaeli alifuta macho kwa kiganja; hesabu yake ilisema saa tatu. "Saa nne, kaka. Mwambie dereva asikimbie."

Paskalina alikuwa ameshafunga duka, anakwenda kwake Magomeni kumtandikia baba kitanda.