Mnara wa Machimboni

Mwenzangu wa meza ya pili tulimwita Mama Subiri, na jina hilo hakupewa kwa kejeli tu. Kila aliyepiga simu kwenye kituo chetu cha huduma kwa wateja akaangukia kwake, aliambiwa, "Naomba usubiri kidogo, mpendwa wangu," na ajabu ni kwamba watu walisubiri. Mimi nikisema subiri, mtu ananitukania ukoo mzima mpaka waliokwisha kufa. Yeye alikuwa na sauti ya chini, isiyo na haraka, na watu waliopiga kwa hasira walimaliza wakimuuliza habari za watoto.

Mtoto alikuwa naye mmoja, binti wa sekondari. Mumewe alitoka siku moja kwenda kununua betri za redio, na huu ulikuwa mwaka wa kumi na mbili hajarudi nazo. Mama Subiri mwenyewe ndiye aliyependa kuisimulia habari hiyo, akicheka. "Labda anatafuta zile zinazodumu," alisema. Waliishi wawili katika vyumba viwili nyuma ya duka la fundi cherehani, na kila asubuhi alikuja kazini na chupa ya chai iliyojaa maji ya tangawizi ya kulainisha koo. Kabla ya hapo alikuwa mpiga chapa wa shule. Kwetu alikuwa na miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo sikumwona akimkatia mtu simu.

Kisha yakaja hayo yaliyoitwa maboresho ya mtandao. Kampuni ilianza kubadilisha mitambo kwenye minara, mmoja baada ya mwingine, na kila mnara ulizimwa kwanza. Wateja walitumiwa ujumbe kwamba huduma ingesumbua kwa siku tatu. Siku tatu! Mnara wa machimboni, kule wanakopasua kokoto, mwendo wa saa mbili kutoka mjini, ulizimwa wiki tano na ushei. Sisi tuliokaa kwenye viti vya kuzunguka tulipokea matusi ya minara yote. Simu zilikatika, sauti zilikwamakwama, mtu anasikika neno moja kati ya matano, na sisi tunamsomea maandishi yaliyobandikwa mbele yetu: zima simu yako, kisha iwashe. Aliyeyaandika sijui kama aliwahi kupigwa na jua akitafuta mtandao. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Sasa niseme jinsi tulivyofanya kazi, maana bila hilo habari hii haieleweki. Mteja akilalamika, tunaandika lalamiko lake kwenye kompyuta. Mafundi wakisema mnara umewaka, sisi tunampigia mteja kuhakikisha. Asipopatikana mara tatu, lalamiko linafungwa, na kwenye rekodi ya kompyuta linaonekana limetatuliwa. Umeelewa? Mtu analalamika kwamba simu yake haipatikani, sisi tunampigia kwa simu hiyo hiyo, hapatikani, basi tunahesabu kwamba ameridhika. Kanuni ilisema mara tatu kwa siku tatu tofauti. Nani alikuwa na siku tatu? Msimamizi alitaka malalamiko arobaini yafungwe kabla ya kwenda nyumbani. Tulipiga mara tatu mfululizo kwa dakika nne, tukafunga, tukacheka, tukasema asiyekuwapo na lake halipo. Mimi ndiye niliyemfundisha Mama Subiri kufanya hivyo. Sijivunii.

Mpasua kokoto mmoja alipiga simu katika wiki ya pili. Alikuwa amepanda juu ya kilima cha kokoto, mahali pekee kule machimboni palipodaka mtandao kidogo kutoka mnara wa mbali, na tulimsikia kwa vipande. Mama Subiri alikaa naye karibu nusu saa, akimwambia rudia, kaka, rudia taratibu. Mkewe alikuwa na ugonjwa wa moyo. Mlango mmoja wa moyo haufungi sawasawa. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya upasuaji katika hospitali kuu. Kitanda kikipatikana hospitali ingempigia mume, na asipopatikana mpaka jioni, kitanda angepewa anayefuata. "Nina namba hii moja tu, dada," alisema. "Sitaki fidia. Nataka simu iite."

Mama Subiri aliandika lalamiko lile kwa herufi kubwa, akaliwekea alama ya dharura. Akaniambia, "Huyu nitamfuatilia mwenyewe." Na alikusudia kweli.

Siku nane baadaye mafundi waliandika kwamba mnara wa machimboni umewaka. Uliwaka saa chache tu kwa majaribio, kisha wakauzima tena, lakini hilo hakuna aliyetuambia. Siku hiyo tulikuwa na malalamiko zaidi ya mia sita, wawili kati yetu walikuwa wagonjwa, na Msimamizi alikuwa anapitapita nyuma ya migongo yetu na kalamu sikioni. Mama Subiri alipiga namba sitini na tisa kabla ya chakula cha mchana. Hakusoma tena majina, alisoma tarakimu. Mara tatu, hapatikani, funga. Mara tatu, hapatikani, funga.

Mwezi haukwisha, yule mpasua kokoto akaja ofisini. Mtu mrefu, mikono imechanika, kope zina vumbi la mawe ambalo nadhani halitoki hata akioga. Alizungumza polepole na kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Alikuwa ametoka hospitali kuchukua vidonge vya mkewe, na huko ndiko alikoelezwa kwamba walimpigia wiki iliyopita, kutwa nzima, wakampa mwingine kitanda.

"Wamesema nilete barua," alisema. "Kampuni iandike kwamba mtandao haukuwepo, haikuwa uzembe wangu. Nikileta barua watamrudisha karibu na mwanzo wa orodha. Nisipoleta, anaanzia mwisho. Akianzia mwisho hafiki zamu yake, dada. Hata daktari anajua hafiki."

Mama Subiri alifungua kompyuta atafute lalamiko lake. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Lilikuwepo, na alama ya dharura, na chini yake: limetatuliwa. Na chini ya hapo, namba ya kazi ya aliyelifunga. Ilikuwa yake.

Nilimwona amenywea kwenye kiti. Akageuka akamtazama yule mtu usoni, akamwambia, "Kaka, ni mimi niliyelifunga. Nilikupigia mara tatu kwa dakika nne, nikafunga." Mimi ningenyamaza. Nakiri, ningefunika kombe mwanaharamu apite. Yule mpasua kokoto akasema, "Basi naomba barua."

Tulikwenda kwa Msimamizi. Hakuinua hata macho. "Rekodi inasema mnara uliwaka na lalamiko lake likatatuliwa," alisema. "Mnataka kampuni iandike barua inayopinga rekodi yake yenyewe?"

"Lakini rekodi ni ya uongo, bosi," nikasema.

"Wameiandika kina nani?"

Hapo alituweza. Tulitoka.

Mama Subiri alirudi mezani, akapiga chapa barua kama alivyopiga chapa za shule, mistari imenyooka, kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni. Aliandika kwamba mnara ulikuwa umezimwa, na kwamba lalamiko lilifungwa kimakosa na yeye mwenyewe. Akatia sahihi yake. Muhuri aliuchukua kwenye droo ya mapokezi wakati wa chakula, akaugonga bila kujificha. Nilimwambia, "Dada, utamwaga unga." Akanijibu, "Liwalo na liwe. Binti yangu akiuliza nitamweleza, ataelewa."

Wakakubaliana jambo lingine, na nadhani hilo ndilo lililompa usingizi. Pale hospitali wangebadilisha namba ya kupigiwa, waandike ya Mama Subiri, maana mjini mtandao ulikuwepo. Hospitali ikipiga, yeye angekwenda machimboni mwenyewe kuwachukua.

Hospitali iliikubali barua. Mgonjwa akawekwa wa tatu kwenye orodha. Lakini karani wao, mtu mwangalifu, alipiga simu kwetu kuhakikisha, na simu akaipokea Msimamizi. Mgonjwa hawakumwondoa kwenye nafasi yake, lakini Mama Subiri akafukuzwa kazi siku hiyo hiyo kwa kosa la kughushi. Alikusanya chupa yake na sweta, akatuaga meza kwa meza. Sisi tulioketi pale, tuliofunga maelfu ya malalamiko kwa namna ile ile, tuliinamisha vichwa. Nami niliinamisha changu.

Tangu hapo alibeba simu mkononi kama yai. Nilimtembelea nyumbani nikamkuta anaosha vyombo kwa mkono mmoja. Binti yake alisema hata bafuni huingia nayo, na haruhusu mtu kumpigia asije akaishughulisha laini. Kila alipokutana nami aliuliza habari za mnara. Nilimjibu kwamba bado.

Siku ya kumi na moja, asubuhi, hospitali ilipiga. Ilikuwa siku yangu ya mapumziko, na alinipitia mbio, kilemba kimelegea, anacheka na kulia. "Kitanda kipo! Wanamtaka leo kabla ya saa kumi!" Tulikodi gari dogo la mtu wa jirani, dereva akiambiwa angelipwa tukirudi, na njia nzima Mama Subiri alipanga: mgonjwa atalala kiti cha nyuma, mimi nitamshika kichwa, tutapita njia ya lami hata kama ni ndefu, asitikiswe. Alikuwa amebeba mito miwili kutoka kitandani kwake. Miaka yote ya kukaa naye sikuwahi kumwona na furaha ya namna ile.

Tulifika saa tano. Mbele ya nyumba ya mpasua kokoto palikuwa na viti vya kuazima, na wanawake wameketi chini, kimya. Mama Subiri alishuka na mito yake. Alikwenda hatua kadhaa, akasimama.

Mume alitoka ndani. "Juzi alfajiri," alisema. "Tumezika jana, dada. Nilipanda pale juu kukupigia tangu juzi, haikushika kabisa. Leo ndiyo imeanza kushika tena, vipandevipande."

Nakumbuka dereva alizima gari. Mama Subiri hakupiga yowe. Alinipa mito, akauliza tu mahali penyewe panapodaka mtandao ni wapi, kwa sababu hospitali ilikuwa inangoja na kulikuwa na mtu mwingine kwenye orodha.

Tulipanda kile kilima cha kokoto sote watatu, mawe yakiteleza chini ya viatu. Juu kabisa, ukisimama umeelekea mnara wa mbali, simu ilionyesha kijistari kimoja. Alimpigia muuguzi. Ilibidi apige mara mbili. "Sista, mgonjwa wetu amefariki," alisema. "Mpe anayefuata. Mpigie sasa hivi, tafadhali, usingoje jioni." Muuguzi alimjibu kitu ambacho sikukisikia, naye akaitikia, "Ahsante, mama."

Kisha akampa mpasua kokoto simu. "Kaka, kuna mtu hujamwambia?"

Alikuwepo. Mdogo wa marehemu, aliyeolewa mji mwingine, safari ya siku nzima. Tangu juzi hakupatikana. Mume alizibonyeza tarakimu akizikumbuka moja moja, akaweka sauti ya nje apate kusikia.

"Mama Subiri!" yule dada akaita kwa furaha, kumbe shemeji yake alikwisha kumpa namba ile mapema. "Wamepiga? Kitanda kimepatikana?"

"Ni mimi shemeji yako," mume akasema kwa sauti yake ile ndogo. "Dada yako amefariki."

"Eti? Sikusikii, shemeji. Unakatika."

"Amefariki. Juzi."

"Hallo? Sauti inakwama. Sema kwa nguvu."

Alimtazama Mama Subiri. Naye, aliyewaambia watu miaka kumi na mmoja warudie taratibu, alifumba macho, akamshika mkono. Mume akavuta pumzi. "Dada yako amefariki!" Chini yetu nyundo za wapasua kokoto zilinyamaza moja baada ya nyingine. Simu ikakatika. Akapiga tena, na ilipopokewa hakusalimu, alipiga kelele kwa nguvu zake zote, "Amefariki! Tumeshamzika! Amefariki!"

Safari hii yule dada alisikia. Tulijua, kwa sababu kilio chake kilitufikia kizima, hakikukwama hata mara moja.