Pembe za Chuma Kwenye Maandamano ya Kayanga

Niliondoka nyumbani Kamuli kwa sababu baiskeli niliyoiunda kwa mikono yangu ilikuwa imealikwa mjini. Chama chetu kina watu sita, wote wakulima wa kahawa na ndizi, na tunaunda baiskeli kwa vyuma vya zamani. Mwaka huu tuliombwa tupite kwenye maandamano ya Mei Mosi, Kayanga. Yangu ni ndefu kama kitanda, na usukani wake ni mabomba mawili niliyoyakunja yakawa kama pembe za ng'ombe wetu.

Tulianza alfajiri, siku moja kabla ya sikukuu. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo mwekundu ukashika matairi. Waliokuwa wakikata mikungu walitoka migombani kututazama.

Saa nne, kwenye mteremko kabla ya Nkwenda, nikasikia "ka!" Usukani ukalegea mkononi. Nikaburuza miguu mpaka nikaangukia majanini. Mwenyekiti wetu, Deus, akaja mbio.

"Umeumia, Mama Anitha?"

"Sijaumia. Pembe imeachia."

Akaitazama. "Tuiache kwa watu hapa. Wewe utapanda nyuma yangu."

Niliona aibu, maana kosa nililijua: pale nilichomelea haraka haraka, nikiwahi kuipaka rangi. Lakini kuiacha nilikataa. Tukaisukuma.

Nkwenda tukaingia kwenye karakana ya kando ya barabara. Tulimwamkia mwenyewe, mzee mmoja mpole, naye akawaangalia wanaume niliokuwa nao.

"Fundi ni yupi kati yenu?"

"Ni mimi, baba."

"Basi kaa upumzike, nikuchomelee."

"Naomba mashine tu."

Alisita, kisha akanipa miwani yake. Niliusaga mshono wote wa zamani, nikaanza upya, taratibu. Nilipomaliza mzee aliugonga kwa nyundo mara tatu.

"Hapa," akasema, "kitakatika chuma chenyewe kabla ya mshono."

Jioni tulifika Ihanda kwa dada yake Deus. Alitupa matoke na maharage, akatuletea na maji ya kuosha baiskeli kabla hata hatujanawa miguu.

Asubuhi, Kayanga, msimamizi wa maandamano alininyooshea kidole.

"Hiyo yenye pembe itachoma watu. Ikae pembeni."

Deus, huyu huyu aliyetaka tuiache njiani, akasogea mbele. "Tumekuja sita. Ikikaa hiyo, tunakaa wote."

Msimamizi akavuta pumzi. Akatupanga mwisho kabisa, nyuma ya walimu na wauguzi, ili tupate nafasi. Tulipokaribia jukwaa, watu walishaanza kutawanyika. Walipotuona wakarudi. Nilinyoosha mgongo, nikakanyaga pedali polepole, na pembe hazikutikisika. Wanawake kando ya barabara wakapiga vigelegele, wakainua mikono na kuikunja juu ya vichwa kama pembe, vile tunavyocheza harusini. Machozi yalinitoka mbele ya watu nisiowajua, wala sikuyafuta.

Kesho yake tulirudi Kamuli, mvua ikitunyeshea njia nzima. Nilichojifunza ni kutouharakisha mshono, na kutomwachia mtu mwingine aurekebishe ukiharibika.

Jumapili karani wa usharika alikuwa akiandika upya majina ya washarika. Kwenye nafasi ya kazi alijaza "mkulima" bila kuniuliza. Nikamwomba aongeze: fundi wa kuchomelea. Nikasimama pale mpaka akamaliza kuandika.